Kistari cha Bi Kidole

Bi Kidole hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wahesabu wenzake, kwa ajili ya kidole gumba cha mkono wa kulia ambacho hakikujua kutulia. Kwa miaka ishirini na sita kidole hicho kilikuwa kikibonyeza tiki, kile kichuma kidogo cha mkononi chenye tarakimu nne, mara moja kwa kila gari, mara moja kwa kila baiskeli, mpaka kikazoea kucheza chenyewe hata mwenye nacho akiwa mezani anakula. Mumewe alimtania kwamba siku ya mazishi yake watu watafukia mwili, lakini kidole kitabaki juu ya udongo kikihesabu waombolezaji. Bi Kidole alicheka kila mara, maana alijua hilo haliko mbali na ukweli.

Kazi yenyewe ilikuwa kukaa kwenye kigoda kando ya barabara kuanzia alfajiri hadi jioni, fomu imebanwa kwenye ubao juu ya magoti, na kuandika nani amepita. Malori safu yake, mabasi safu yake, waenda kwa miguu safu yao. Jua lilimpiga, mvua ikamloanisha, madereva wakamtupia maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa. Jioni fomu zilikusanywa na kupelekwa ghorofa ya saba ya ofisi ya mipango ya usafiri, ofisi inayohudumia jiji pamoja na miji tisa midogo iliyolizunguka. Zikishafika huko, Bi Kidole hakujua zinafanywa nini. Moyoni aliamini kuwa wasomaji wake wakuu ni panya.

Kwa hiyo, wiki tatu kabla ya kustaafu, alipoambiwa kwamba anaitwa juu na Mpangaji, alishangaa. Kwanza alidhani ni yule kijana aliyepanga chumba cha uani kwake, amekuja kulalamikia bomba tena. Kumbe alikuwa afisa mipango mwenyewe. Wenzake walimwita Mpangaji kwa maana zote mbili: alipanga barabara, na kwa jinsi alivyokuwa hatoki ofisini, ungedhani amepanga chumba humo na kulipia mwaka mzima.

Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani na adabu nyingi. Alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akamwamkia shikamoo kama mwana wa nyumbani. Akamwambia kwamba kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akizisoma saba zake, zile tarakimu anazozikata katikati kwa mkwaju mdogo, na kila akiziona hushusha pumzi, kwa sababu anajua fomu hiyo haina uongo. Alitaka kumwona mwenye saba hizo kabla hajaondoka. Bi Kidole hakujua aweke wapi mikono yake.

"Njoo uone zilikokwenda, mama," Mpangaji akasema, na akafungua mlango wa chumba cha pili.

Ukuta mzima ulikuwa ramani. Haikuwa ramani ya vilima na mito. Ilikuwa ramani ya watu wanaokwenda. Kila barabara ilichorwa kwa mstari, na unene wa mstari ulitokana na idadi ya wanaoipita kwa siku. Kulikuwa na mistari myembamba kama uzi kule miji ya pembeni, ikaja ikaungana, ikanenepa, ikazidi kunenepa kadiri ilivyokaribia jiji, mpaka katikati ikawa minene kama mkono wa mtu. Bi Kidole alisimama mdomo wazi. Mwili ulimsisimka kuanzia kisogoni hadi miguuni. Miaka yote alikuwa amewaona watu wakipita mbele yake, wanatoka huku, wanapotelea kule, na hakuwahi hata siku moja kufikiri kwamba wote kwa pamoja ni kitu kimoja chenye umbo, kinachoamka na kulala, kikubwa kupita akili yake.

Mpangaji akaweka kidole kwenye mstari mmoja mnene wa upande wa mashariki. Akamwambia hiyo ndiyo barabara ya mabasi ya mwendo wa haraka, na kwamba ilijengwa kwa sababu ya fomu arobaini na mbili za mwaka fulani wa mvua kubwa, ambazo ishirini kati yake zilikuwa na saba zilizokatwa katikati. Bi Kidole aliukumbuka mwaka huo. Alihesabu akiwa amejifunika gunia, na akaumwa kifua mwezi mzima. Basi hilo alilipanda kila siku kuja kazini, akigombania kiti, na hakujua kwamba ni yeye aliyelileta. Ilibidi akae.

Alipopata nguvu aliuliza mambo yanavyokwenda, na Mpangaji akamweleza polepole. Jiji na miji ile tisa kila mmoja unatia fungu katika mfuko wa pamoja, na serikali kuu inaongeza lake juu. Haja ni nyingi, mfuko ni mdogo. Kwa hiyo kila baada ya miaka mitano hutungwa orodha, na kila mradi hupewa alama: utawafaa watu wangapi, utaokoa maisha mangapi, utamfikia nani asiyefikiwa. Wajumbe wa baraza kutoka miji yote hukaa kikao kimoja, wakabishana, wakaipitisha. Mradi uliomo kwenye orodha hujengwa hata ikichukua muda. Usiokuwemo hauombewi hata msumari.

Bi Kidole akafanya ambalo kila mtu hulifanya mbele ya ramani. Akatafuta kwao.

Kwao palikuwa Njia Nane, ile barabara kuu yenye njia nne za kwenda na nne za kurudi, iliyopita katikati ya mtaa ikaukata vipande viwili. Barabara aliiona, nene, imejaa magari. Lakini pale watu wanapoikata kwa miguu, asubuhi na jioni, mbio mbio, viatu mkononi, watoto wamebebwa mgongoni, hapakuwa na mstari wowote. Palikuwa peupe. Alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

Akauliza mbona hapa hamkuchora. Mpangaji akasema hapo hapavukwi, yeye mwenyewe alidhani kuna ukuta. Diwani wa mtaa ule ameomba daraja la waenda kwa miguu mara tatu, na mara tatu ombi limepata sifuri kwa sababu hesabu inaonyesha hakuna mvukaji. Mpangaji, kwa elimu yake yote, alikuwa anaishi upande wa pili wa jiji na hakuwahi kukanyaga Njia Nane.

"Nani alihesabu hapo?" Bi Kidole akauliza, na tayari alijua jibu.

Mpangaji akavuta droo, akatoa fomu tatu, za mizunguko mitatu ya miaka mitano mitano. Saba zote zilikuwa zimekatwa katikati. Safu ya malori ilijaa, safu ya mabasi ilijaa. Safu ya waenda kwa miguu, saa baada ya saa, ilikuwa na kistari kimoja kifupi, na kingine, na kingine.

"Hapa umeandika hakuna mtu," Mpangaji akasema.

"Sikuandika hivyo. Nimeweka kistari."

"Ndiyo, mama. Kistari maana yake hakuna mtu."

"Kistari maana yake wamenizidi."

Ndipo Bi Kidole akaeleza, na sauti yake ikawa ndogo. Msimamizi wao wa kwanza, Mungu amrehemu, aliwafundisha wahesabu wote kanuni moja: ukizidiwa na watu usibuni namba, usikisie, weka kistari, wa juu wataelewa. Wahesabu wote walifanya hivyo, na walikionea fahari, kilikuwa kistari cha uaminifu. Na huku juu, Mpangaji naye alifundishwa na aliyemtangulia kwamba mhesabu asipoona mtu huweka kistari. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo mahali popote. Ghorofa zilikuwa saba tu, na kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyezipanda wala kuzishuka kuuliza. Kwa hiyo penye watu wengi kuliko pote ndipo palipoandikwa hapana mtu.

Bi Kidole akageuka kuitazama tena ile sehemu nyeupe ya ramani. Alikuwa na sababu ambayo Mpangaji hakuijua.

Mumewe, Fundi, alikuwa makanika mstaafu wa miaka sabini na moja, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha. Kaka yake, mwenye sabini na nne, alikaa ng'ambo ya Njia Nane, nyumba ya bati jekundu, hatua mia moja tu kutoka barazani kwao. Fundi hawezi kukimbia, na Njia Nane haivukwi bila mbio. Mwaka wa tatu sasa ndugu hao hawajashikana mikono. Kila jioni kila mmoja alitoa kiti chake nje, wakapigiana simu huku wanaonana, mmoja akimwambia mwenzake shati hilo halikupendezi. Majirani waliwacheka. Bi Kidole naye alicheka, lakini alimwona mumewe akizima simu na kubaki ameketi, akitazama ng'ambo mpaka kaka yake aingie ndani.

Orodha ilikuwa inafungwa baada ya siku tisa. Iliyofuata ingefunguliwa baada ya miaka mitano, na hao wazee wawili hawakuwa na miaka mitano ya kuchezea.

Mpangaji alisema yanahitajika mambo mawili. La kwanza ni hesabu mpya, ya kweli, iliyotiwa saini. La pili alilisema akiangalia meza. Baraza halitakubali mahali paruke kutoka sifuri hadi maelfu bila maelezo. Aliyejaza fomu za zamani atapaswa kusimama kikaoni na kukiri kwamba hazikusomeka ipasavyo, na maneno hayo yatabaki kwenye jalada lake. Jalada la Bi Kidole halikuwa na doa hata moja. Watu wengine wana dhahabu sandukuni. Yeye alikuwa na jalada hilo.

Alimwomba ampe hadi kesho. Lakini alipofika nyumbani jioni ile alimkuta Fundi barazani, simu sikioni, anamwambia kaka yake ageuke aone kama mgongo bado unauma akigeuka. Kule ng'ambo mzee akageuka taratibu. Bi Kidole hakungoja kesho.

Kuhesabu kwenyewe kulikuwa na shida yake: mtu mmoja hawezi, ndiyo maana kilikuwepo kistari. Akawapigia simu wahesabu wastaafu, watano waliobaki hai na wenye macho, na wote wakaja, mmoja na miwani minene kama chini ya chupa. Sajenti wa trafiki wa eneo lile, mama mmoja mnene asiyependa mzaha, alisikiliza mpango wao shingo upande, kisha akasema kwamba yeye ndiye anayeokota majeruhi pale, kwa hiyo watapata wanachotaka. Alileta kamba. Kando ya barabara zikafungwa ziwe vipenyo sita, kila kipenyo mtu mmoja mmoja, na kila kipenyo mhesabu mmoja na tiki yake. Magari yangesimamishwa kwa zamu, watu wapite wakitembea.

Walianza saa kumi na moja alfajiri, bado giza halijaachia vizuri.

Kwanza walikuja wachache, kisha mtaa wote ukafunguka. Bi Kidole alikuwa amewaona watu hao kwa miaka, lakini aliwaona kama vumbi, kundi linalokurupuka na kutawanyika. Siku hiyo kamba iliwaleta mbele yake mmoja mmoja. Mwashi na mwiko wake mfukoni. Muuguzi anayepiga miayo. Mama na mapacha, mmoja mbele mmoja mgongoni, hao ni watatu. Mwalimu anayesahihisha madaftari huku anatembea. Kila mmoja aliinua macho, akamtazama, kama anayeuliza kuna nini leo, na kila mmoja alipata mbonyezo wake. Hawakwisha. Saa moja, saa mbili, saa tatu, hawakwisha. Bi Kidole alianza kuogopa, si woga wa hatari, ni ule woga wa mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa na kujua ni kikubwa. Machozi yalimtoka na hakuweza kuyafuta, maana mkono mmoja ulishika ubao na mwingine ulikuwa kazini.

Karibu na saa tano alipita Fundi. Hakumwambia mkewe kuwa atakuja. Alivaa shati la kutokea na kushika fimbo yake, akaingia kwenye foleni kama watu wengine, na alipofika kwenye kamba akasema, "Habari za kazi, mama." Mhesabu haongei akiwa kazini, na Bi Kidole hakuongea. Alimbonyeza. Fundi akashuka barabarani, hatua moja, fimbo, hatua moja. Sajenti alikuwa ameinua mkono, njia zote nane zimesimama, na hakuushusha. Dereva mmoja alipiga honi na sajenti akamtazama, basi honi ikaisha. Dakika tatu nzima. Mpangaji, ambaye alikuwa amekuja kushuhudia na alikuwa amesimama pale tangu alfajiri bila kunywa hata maji, alitazama saa yake, kisha akaandika kwenye daftari maneno mawili: *bila ngazi*. Ng'ambo, mzee wa bati jekundu alikuwa ameshatoka kwenye kiti chake.

Bi Kidole hakuona walivyokutana. Watu walikuwa wanapita.

Jioni, saa kumi na mbili na nusu, tiki yake ilionyesha tisa nne mfululizo. Aliyefuata alikuwa mtu amebeba godoro kichwani, hata uso wake haukuonekana. Akabonyeza, na tarakimu zote zikarudi sifuri. Tiki haina nafasi ya elfu kumi. Bi Kidole alizitazama sifuri zile nne, akachora mstari mmoja mzito pembeni mwa fomu, na safari hii chini yake akaandika kwa maneno, herufi kubwa, *elfu kumi wameshapita*. Kisha akaendelea na moja.

Wahesabu sita walipojumlisha, wakarudia, wakarudia tena, walipata watu elfu sitini na moja na mia nne na saba. Kwa siku moja. Hakuna kivuko kingine katika jiji wala katika ile miji tisa kilichofika hata nusu yake. Mpangaji aliketi juu ya ukingo wa mtaro na kuvua miwani.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa, wajumbe wa miji kumi, kila mmoja na mradi wa kwao wa kuutetea. Ilipofika zamu ya Njia Nane, diwani mmoja wa mji wa mbali alisimama na kusema namba hiyo haiwezekani. Aliuliza mahali penye sifuri miaka kumi na mitano panawezaje kuota watu elfu sitini kama uyoga, na ni nani aliyewahesabu. Baadhi walicheka. Bi Kidole alikuwa kwenye viti vya nyuma. Akapiga moyo konde, akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Na ile sifuri pia ni yangu. Niliweka kistari, kwa sababu walikuwa wengi mno na sikutaka kuwadanganya. Nyinyi mkasoma hakuna mtu. Naomba iandikwe kwenye jalada langu. Lakini hao watu walikuwepo siku zote, waheshimiwa. Walikuwepo jana, na leo asubuhi wamevuka."

Kicheko hakikurudi. Mwenyekiti alimwomba atie sahihi, akatia. Yule diwani wa mbali alibaki amesimama kidogo, akauliza kwa sauti nyingine kabisa kama na kwake vipo vistari. Mpangaji akajibu kwamba vipo, katika fomu kumi na nane. Kisha wakapiga kura. Daraja la Njia Nane liliingia kwenye orodha likiwa la kwanza, daraja la mteremko, bila ngazi.

Siku yake ya mwisho kazini, Bi Kidole alipanda tena ghorofa ya saba kurudisha tiki. Mpangaji alikuwa juu ya kiti, anabandika kipande kipya cha ramani. Akateremka, akamwachia nafasi.

Pale palipokuwa peupe sasa palikuwa na mstari, mfupi kuliko yote ukutani, kutoka upande mmoja wa Njia Nane hadi mwingine, na mnene kiasi kwamba ulifunika jina la mtaa. Mpangaji alisema ilimbidi alisogeze jina pembeni. Bi Kidole alitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua mkono wa kulia na kuweka kidole gumba juu ya mstari ule, taratibu, kama mtu anayegusa paji la uso wa mtoto.

"Fundi yumo humu," akasema.

Alibonyeza mara moja. Halafu kidole kikatulia. Mstari ulikuwa mpana kuliko kidole chenyewe, na ulionekana pande zote mbili.